Makopo ya aiskrimu aliyouza baba: niyauze, niyarudishe au niyafiche?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Nina miaka 44, nimeolewa, tuna watoto watatu. Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaokaa, maana mji huu umeitwa jiji tangu 2018 lakini ukianza kusema habari za watu, bado ni kijiji.

Baba yangu alikuwa muuza aiskrimu. Kwa miaka 22, kuanzia 1979, aliendesha baiskeli ya Phoenix yenye deli la mbao kwenye keria, akichukua mzigo kwa familia moja iliyokuwa na kiwanda kidogo uani kwao, upande wa Uhindini. Siwataji kwa sababu wapo na biashara inaendelea. Ndani ya deli alipanga mapande ya barafu akayamwagia chumvi ya mawe ili ubaridi uzidi, ndiyo maana baiskeli zake zote zilikufa kwa kutu kuanzia nyuma. Akifika kwenye nyumba anapiga kengele, anasalimia "Mbukwenyi!", halafu ndipo anasema leo ana nini.

Vifuniko vilivyochapwa vibaya kiwandani alituletea tuchezee. Wenzangu waliviharibu, mimi nikaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Sikuacha tena. Leo nina vipande 317: vikombe vya karatasi yenye nta, vifuniko, karatasi za kufungia zile za vijiti, maboksi, vijiko vya mbao, na bango moja la bati lenye nembo yao, mtoto amekaa chini ya mbuyu. Nimevipanga kwa umri. Ukishazoea si kazi. Kilichoandikwa senti 50 kimetangulia cha shilingi 5. Chenye namba ya simu inayoanza na 061 ni cha kabla namba za Dodoma hazijaanza na 026. Chenye alama ya TBS, shirika la viwango, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1977, na chenye ile mistari yenye namba zinazoanza na 620 ni cha juzi tu. Ninavyovipenda kuliko vyote ni vifuniko vya miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Neno VANILA limekatwa kwa mstari, juu yake umegongwa muhuri wa mpira, umepinda: UBUYU. Ubuyu ulikuwepo tele hapa, vanila ya kiwandani ndiyo haikupatikana.

Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia Juni mosi, familia ile ililazimika kutoa stoo mifuko yao yote yenye nembo. Katika kusafisha wakakuta na maboksi ya karatasi za zamani. Mzee mwenye mali alikuwa hai bado. Akamtuma mzee wa stoo aniite, akaniambia, "Chukua makopo na makaratasi yote binti yangu, la sivyo yatachomwa." Nikayabeba kwa bajaji mara mbili. Mzee alifariki 2021.

Sasa mjukuu wake ndiye anaendesha biashara. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, mstaarabu. Anafungua duka jipya, anasema tangu treni ya umeme ianze 2024 wageni wameongezeka, na anataka ukuta mzima uonyeshe historia ya familia. Alikuja nyumbani akakaa nami chini kwenye mkeka, tukaangalia kimoja kimoja. Alipoona kifuniko cha kwanza chenye ule mbuyu aliochora bibi yake, alilia. Kisha akasema, "Dada, hivi ni vya nyumbani kwetu, ila sitaki kukudhulumu." Ametaja milioni mbili kwa vyote. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mume wangu anasema hiyo pesa ni bati za jiko na ada ya Januari. Huwa ananitania "mama takataka", na kweli hajui kwamba lile bango la bati nililinunua kwa fundi baiskeli kwa 35,000. Wazo lake jingine ni tupige picha nembo tuchape tisheti, tuuze wakati wa Bunge. Kaka yangu akasikia habari za kuuza akafoka kwenye simu: "Hilo ni jasho la baba, hawapati hata kifuniko!"

Kuna kitu kimoja zaidi, labda hakihusiki. Chini ya boksi moja nilikuta daftari la wachuuzi la mwaka 1990. Lina majina 14, na baba yumo. Kuna siku nikiwa na miaka tisa cheni ya baiskeli ilimkatikia Makole saa sita mchana. Alirudi nyumbani na deli limejaa uji wa aiskrimu, akaita watoto wa mtaa mzima, tukanywa kwa vikombe mpaka tukaumwa matumbo. Ndiyo siku yangu ya furaha kuliko zote utotoni. Daftarini imeandikwa: "Imeyeyuka 84. Akatwe." Amekatwa miezi mitano. Chini yake pana mstari wa kalamu nyekundu na neno ambalo siwezi kulisoma. Sijamwonyesha mtu yeyote.

Nifanyeje, mama? Nimepanga walau nivipige laminesheni vyote kabla sijaamua.

Ni mimi,
Binti wa Deli, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Laminesheni simamisha kwanza, leo hii. Vikombe vyako vina nta, mashine ile ni moto. Nta itayeyuka, wino utatanda, na ukishafunga karatasi ndani ya plastiki hutaitoa tena bila kuichana. Mengine yote kwenye barua yako yanaweza kusubiri wiki moja, hilo haliwezi.

Sasa tukae.

Barua yako inaonekana ni ya watu wanne na mkeka mmoja. Mjukuu anataka ukuta wake upambwe, mumeo anataka bati, kaka yako hataki chochote kitoke, na wewe uko katikati umekumbatia maboksi. Ingekuwa hivyo tu ningekuandikia mistari kumi. Lakini nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale uliposema "labda hakihusiki" nasimama. Makopo umeyaeleza kwa raha, mpaka namba za simu. Daftari umelisukumia mwisho kama mtu anayetaja ugonjwa wake akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari. Mimi naona linahusika. Huenda ndilo limekufanya uandike, kwa sababu kama jambo lingekuwa ni makopo peke yake, binti aliyelia juu ya mkeka wako ungekuwa umeshamjibu kwa namna moja au nyingine.

Niambie kama nakosea: tangu ulisome lile daftari, hujui tena uwachukulieje watu wale. Mzee aliyekuita "binti yangu" na mtu aliyeandika "akatwe" wamekuwa mtu mmoja. Na kibaya zaidi, siku yako ya furaha imeingiwa na doa. Ulikuwa ukinywa deni la baba yako.

Kuhusu hilo la mwisho nina la kusema, ingawa si lazima ulikubali. Baba yako alipofika nyumbani na lile deli, alijua. Mtu aliyekuwa akichukua mzigo kwa mali kauli kwa miaka kumi na moja hangoji daftari limwambie atakatwa. Kutoka Makole hadi kwenu alisukuma baiskeli juani akipiga hesabu. Angeweza kuingia amekunja uso, akaumwaga ule uji nyuma ya choo, na nyinyi mkalala mkijua kuna msiba wa pesa. Aliita watoto wa mtaa. Ile furaha uliyoikumbuka miaka yote hii hukuibuni, aliifanya yeye kwa makusudi, na alijua bei yake. Kama inakuuma, iache iume, lakini usiitupe upande wa uongo.

Kuhusu waliomkata, hapo nenda polepole. Sitawatetea. Wachuuzi wengi mpaka leo wanabeba hasara ya kitu kisicho chao, kinachoharibika kwa jua lisilo lao, na tumezoea kuita hiyo kawaida ya biashara. Una haki ya kukasirika. Ila unakasirika kwa ushahidi wa ukurasa mmoja, na wewe ni mwalimu, unajua mwanafunzi anayejibu swali kabla hajafungua ukurasa wa pili. Wale wengine 13 walikatwa vivyo hivyo? Kuna aliyesamehewa? Mwandiko ni wa Mzee au wa karani? Na huo mstari mwekundu? Unaweza kuwa ni "imelipwa". Unaweza kuwa ni neno baya zaidi. Hujui, nami sijui, lakini naona hasira yako imeshalisoma kabla ya macho.

Haya, turudi kwa mgeni wako. Wewe umeshamjaza kwenye nafasi ya mwenye mali anayerudi kuchukua chake, na kauli yake ya "vya nyumbani kwetu" imesaidia. Imenichoma hata mimi. Lakini jiulize binti huyu anajua nini. Mwaka 1990 ama alikuwa hajazaliwa ama alikuwa mgongoni. Historia aliyokuzwa nayo ni ya bibi aliyechora mbuyu na babu aliyesaga barafu. Inawezekana kabisa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aiskrimu zile zilitoka uani kwao zikafika Nzuguni siku ya Nanenane juu ya migongo ya watu 14. Anaandaa ukuta wa historia ya familia yake bila kujua kwamba nusu ya historia hiyo ilikuwa ikipiga kengele barabarani. Na wewe siku ile hukumwambia. Ulimwonyesha vifuniko, daftari ukalificha. Sikulaumu, ningelificha pia. Nasema tu kwamba mpaka sasa ameombwa ajibu jambo ambalo hajaulizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kama ni ushauri, ni kutenganisha mizigo hii miwili. Makopo ulipewa. Mzee alitamka mwenyewe, mzee wa stoo alisikia, na vingine uliviokota utotoni au kuvinunua. Sitajifanya mwanasheria, lakini ukikaa mbele ya mtu yeyote mwenye busara unaweza kusema bila kutetemeka kwamba ni vyako. Daftari je? Aliyesema "makopo na makaratasi" alijua limo? Pengine hakujua. Hilo sikutishi nalo, nalitaja kwa sababu siku likijulikana utaulizwa, na ni afadhali uwe umeshajiuliza mwenyewe. Halafu kumbuka lina madeni ya watu wengine 13. Hao nao wana watoto, wengine labda unawafundisha wajukuu wao. Daftari likitundikwa ukutani mwa duka, au likipigwa picha likazunguka kwenye simu, si baba yako peke yake atakayesomwa.

Kuuza vyote kwa milioni mbili: nakuelewa, na sitaki uone ni dhambi. Jiko linalovuja si kitu cha kudharau kwa sababu ya mapenzi ya makopo. Hatari yake ni mbili. Pesa hiyo ikiingia Januari ukiwa na watoto watatu, Februari hutaiona, na kile ulichokijenga miaka 37 hakitarudi. Ya pili, hiyo bei imetoka wapi? Ameitaja yeye, nanyi mkaanza kuigawa. Hakuna soko la vitu hivi hapa kwetu ambalo ungeenda kulinganisha, kwa hiyo thamani yake ni kile ambacho nyinyi wawili mtakubaliana, na wewe bado hujafungua mdomo. Vilevile analipia vitu bila maelezo. Anajua cha 061 na cha 026 kwa sababu ulimwambia wewe. Bila kichwa chako ule ukuta ni karatasi kuukuu.

Kumwazima kunasikika vizuri, kila mtu anabaki na heshima yake. Lakini naomba usiazime kwa mdomo. Nimeona vitu vingi vilivyoazimwa kwa upendo vikaishia kuwa ugomvi wa wajukuu. Kila kipande kipigwe picha, kihesabiwe, iandikwe kinarudi lini na kikiharibika inakuwaje, msaini mbele ya shahidi. Na ukuta usiwe unaopigwa na jua, maana wino wa zamani huchujuka, na dirisha la duka la Dodoma saa tisa mchana ni tanuri. Hatari iliyobaki ni kwamba duka linaweza kufungwa, au binti akahama, nawe ukaanza kufuatilia vifuniko kwa simu isiyopokelewa.

Kuna pia njia ambayo hukuitaja. Katika 317, vingapi viko mara mbili au mara tatu? Mkusanyaji yeyote anavyo. Huenda ukuta mzima ukajaa kwa pacha za vile ulivyonavyo, naye akalipa kwa hivyo tu, na wewe ukabaki na mfululizo wako. Atasema hicho kifuniko cha bibi yake ndicho anachokitaka zaidi. Hapo patakuwa pagumu, kwa sababu kama kipo kimoja, mmoja wenu atakikosa. Mnaweza kumpigia nakala nzuri kubwa. Au ukaamua kimoja hicho kiende kwake. Sijui, hicho kilikuliza wewe pia?

Ukikataa kabisa, nako kuna gharama. Utabaki na maboksi chini ya kitanda, mchwa wa Dodoma unawajua kuliko mimi, na watoto wako watatu, je, kuna hata mmoja anayejua kwa nini ubuyu ulichukua nafasi ya vanila? Kama hakuna, huenda ukafikiria kuwaita walimu wa historia pale Chuo Kikuu cha Dodoma waje wavipige picha, au kuwaandikia Makumbusho ya Taifa, hata kabla ya kuamua viende wapi. Kwa sasa, viondoe chini ya bati. Vilaze bapa, weka karatasi nyeupe kati ya kikombe na kikombe, na sanduku la chuma lisiguse sakafu. Vilivyogandana kwa nta usivibandue kwa kucha.

Tisheti za mumeo ziache kabisa. Kumiliki kifuniko chenye nembo ni jambo moja, kuchapa nembo ya biashara iliyo hai na kuiuza ni jingine, na kama wameisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara, mtaitwa mkajieleze. Bunge au si Bunge.

Lakini kuhusu mume wako, nina wasiwasi umemhukumu kwa utani wake. Umemficha 35,000. Amekuona kwa miaka ukitunza kitu ambacho hakijui mwanzo wake, na pengine "mama takataka" ni namna yake ya kugonga mlango. Je, umewahi kumsimulia siku ya uji wa aiskrimu? Si kama hoja ya kukataa pesa, bali kama hadithi, usiku, watoto wakiwa wamelala. Anaweza bado kutaka bati. Ni haki yake, na jiko ni la wote. Ila atakuwa anajua anaomba nini kiuzwe.

Na kaka yako. Anapigania jasho la baba bila kuliona lilipoandikwa. Unamkinga yeye, au unajikinga wewe na atakachosema? Ukimwonyesha ukurasa ule akiwa katika hali aliyokuwa nayo kwenye simu, anaweza kwenda dukani kwa yule binti na maneno yasiyozoleka. Usipomwonyesha, na siku moja akaliona, atakuuliza kwa nini ulikaa nalo peke yako. Mimi ningetafuta siku ya kumwita nyumbani, si kwa simu, lakini wewe ndiye unayemjua kaka yako akikasirika anachukua muda gani kupoa.

Mwezi haujaisha. Binti mwombe wiki mbili zaidi, mwambie una jambo la familia unalotaka kulimaliza kwanza, hiyo ni kweli tupu. Kama ni mstaarabu ulivyoandika, atangoja. Asipongoja, utakuwa umejua kitu kuhusu lile duka.

Kisha mtafute yule mzee wa stoo. Umesema yeye ndiye alitumwa akuite, na hukusema kama yu hai. Kama yupo, nenda na daftari kwenye mkoba, usilitoe haraka, kunywa naye chai kwanza mkumbushane habari za deli na baiskeli. Halafu mfungulie ukurasa ule, umwulize kalamu nyekundu pale stoo ilikuwa ya nani.